Mikono Mapajani

6 Machi

Dada yangu mpenzi,

Tak. Kisha kimya kirefu. Kisha tak.

Tangu nirudi chuoni hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo: kanyagio lako la kuendeshea rekodi likigonga sakafu Jumapili mchana, nami nimejilaza kitandani kwako nikijifanya nasoma. Ulikuwa unamalizia rekodi ulizobeba kutoka ofisini. Ulikanyaga mara moja, ukaweka mikono mapajani kama mtoto wa darasa la Mama, ukasikiliza mpaka mwisho bila kugusa herufi hata moja. Nilitazama mabega yako, hayakutikisika. Ndipo ukarudisha rekodi mwanzo, vidole vikaanza kukimbia, na kanyagio likawa linaita tak, tak, tak, kama kuku anadonoa bati. Nilikuuliza kwa nini usianze kuchapa moja kwa moja. Ukasema, "Nikianza kuandika kabla sijamsikia mtu mzima mzima, naandika ninachotaka mimi."

Hujambo lakini? Kikohozi kimekwisha? Nilipita nyumbani kabla muhula haujaanza. Mama ni mzima, ila tangu astaafu ualimu hana mtoto wa kumfokea, kwa hiyo anaifokea redio. Mtangazaji akikosea kusoma, Mama anamwambia, "Rudia." Mjomba anaendelea na tabia yake ya kupita tu. Anapita kila mfuniko wa sufuria unapofunuliwa, na anapita na njaa yake. Mama analalamika juu yako: "Dada yako nikimuuliza kwenye simu amekula nini, ananijibu mvua imeacha." Nimemweleza ulivyoniambia, kwamba ukitoka kazini hutaki sauti ya mtu yeyote sikioni, na ndiyo maana tunaandikiana. Hakuridhika. Mimi nimeridhika. Kuna mambo mdomoni kwangu hayapiti, kwenye karatasi yanapita.

Sasa lililonikalisha kuandika. Muhula huu tuna somo la mfumo endeshi. Nilikueleza: ile programu iliyo chini ya programu zote, inayoamua ipi ipewe nafasi, ipi isubiri na ipi itolewe. Mhadhiri wetu tumembatiza Bwana Foleni, kwa kuwa kwake kila kitu duniani ni foleni. Amebandika mlangoni kwake miradi minne, kila wanafunzi wawili wachague mmoja. Wa kwanza ni kupanga zamu za programu. Wa pili ni kugawa kumbukumbu ya kompyuta inapojaa. Wa tatu ni kutengeneza hifadhi ya mafaili isiyoharibika umeme ukikatika katikati ya kazi. Wa nne umetoka kwa mteja wa nje, ambaye hajatajwa jina. Anataka programu ikae chini kabisa, itambue kama kompyuta inatumiwa na mtu kweli au imeachwa inawaka tu. Kazi ikimpendeza, wawili walioifanya atawaajiri.

Mwenzangu ni yule kijana tunayemwita Mrefu. Yeye macho yote yako kwenye wa nne. Wewe ungechagua upi?

Mdogo wako


27 Machi

Profesa wangu,

Barua imefika, nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Kikohozi kimekwenda kumsumbua mtu mwingine. Chumba ni kilekile, dirisha halifungi, na jirani wa juu amenunua viatu vya kisigino, nadhani anavivaa kwa ajili ya dari yangu. Mwambie Mama ninakula. Mwambie nilisema hivyo bila kuulizwa mara mbili.

Umeniuliza kama vile mimi ni mtu wa kuulizwa. Haya, nimefurahi. Chagua ule wa tatu, wa umeme. Hivi unajua Jumanne umeme ulikatika nikiwa nimebakiza sentensi ya mwisho ya kesi ya ardhi? Ndugu watatu wanagombana saa nzima, kila mmoja anamkatiza mwenzake, na nilishawatenganisha vizuri, nani kasema nini. Pap! Giza. Umeme ukarudi, faili likafunguka tupu kama sahani ya Mjomba. Msimamizi wetu, tunayemwita Kamera kwa jinsi anavyogeuza shingo, akasimama nyuma yangu akasema, "Anza tena, mama, kwani ulikuwa unaenda wapi?" Nilitaka kulia, nikacheka. Mama Pacha aliye kiti cha pili akaninong'oneza kitu nisichokisikia vizuri, nikacheka tena kwa heshima.

Sasa kama kuna mtoto wa nyumba yetu anaweza kutengeneza hifadhi isiyotapika kazi za watu, atengeneze. Nitamwonyesha kila mtu. Nitasema, huyu alinyonya ziwa nililonyonya mimi.

Karo ya muhula nimeituma kwa njia ile ile. Usinishukuru kwenye barua, inanifanya nijione mzee. Kazi ipo na mikono ipo. Nimebadilisha kiti, siku hizi nakaa upande wa ukuta. Ni pazuri, hakuna anayenijia kwa upande ule.

Ukimaliza kusoma barua hii kalale. Nakujua.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Salamu zako nilizifikisha. Mama amesema, "Kama anakula, kwa nini picha aliyotuma shingo imekuwa ya bata?" Mwenyewe magoti yamemkaba, ngazi anapanda kwa kupumzika. Mjomba amepata kazi ya kulinda ghala, na Mama anasema ghala ndilo lingepaswa kulindwa dhidi yake.

Nimecheka juu ya ndugu watatu na sahani tupu, kisha nikaona haya kwa kucheka. Nilikufikiria umekaa mbele ya faili lile jeupe. Nimewaza sana juu ya mradi wa tatu. Ni mzuri. Ni kazi ya subira, na hakuna atakayeiona ikifanya kazi; hifadhi ya namna hiyo ikiwa nzuri, mtu hajui kwamba ipo. Mrefu anasema, "Unataka kumaliza chuo na kitu kisichoonekana? Mimi mama yangu anataka kuona." Bado tunajadiliana.

Nina swali la udadisi tu. Ofisini kwenu, mtu akichoka kabisa, akitaka kupumzika bila Kamera kujua, anafanyaje? Nimekaa na vijana hapa wanabishana kama inawezekana kuidanganya kompyuta. Nikasema dada yangu anakaa chumba kimoja na wachapaji arobaini, yeye ndiye atajua.

Unasema umehamia upande wa ukuta. Si ulikuwa unapenda dirisha?

Mdogo wako


9 Mei

Profesa,

Ee, nyie wasomi mna nafasi ya kubishana! Sikiliza basi ucheke.

Kuna mzee mmoja anaweka kitabu juu ya kibodi, herufi moja inajichapa kurasa na kurasa, halafu anazifuta zote. Huyo ni wa kizamani. Kuna binti ambaye kila baada ya muda anagusa kipanya kwa kiwiko huku anakata kucha. Lakini bingwa wa wote ni Mama Pacha wangu. Pacha wake bado wachanga, kawaacha kwa mama yake, na maziwa yakimjaa lazima aende chooni akayakamue, la sivyo blauzi inalowa mbele za watu. Ruhusa ya kutoka ni ya mara moja kabla ya chakula. Sasa anafanyaje? Anavua saa yake ya mkono, anailaza mezani, anaweka kipanya juu yake. Mshale wa sekunde ukizunguka chini, mshale wa kwenye skrini unatikisikatikisika juu. Ukitazama kwa mbali utaapa mtu yuko kazini. Kamera anapita, anaona skrini iko hai, anaendelea na safari zake. Mama Pacha anarudi kakauka, anavaa saa yake. Ananiambia, "Dada, saa hii inanyonyesha kuliko mimi."

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Hayo ni yetu, usinitangazie huko.

Umeuliza juu ya dirisha. Dirisha lina mwanga mkali. Basi.

Mama mpelekee ile dawa ya kuchua niliyokuwa namnunulia, duka la karibu na posta, mwenye duka atakukopesha ukitaja jina langu.

Na mradi? Umechagua ule wa umeme? Mbona hukunijibu sawasawa?

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Dawa nimempelekea Mama, anasema inanuka vizuri kuliko inavyoponya. Mwenye nyumba amepaka rangi kuta za ngazi, akabandika tangazo "Msiguse," na Mama ambaye hapandi bila kushika ukuta ana mkono wa kijani wiki nzima. Amenisomea magazeti mawili kwa sauti. Nikiwa pale nyumbani nagundua kwamba nyumba yetu ni ya watu wa kusikiliza. Mama akisoma, mikono yangu inakwenda yenyewe mapajani.

Mradi unaendelea vizuri. Ulikwama mahali fulani, kisha ukafunguka. Kulikuwa na tatizo ambalo makundi mengine yote yalishindwa, sisi tukapata njia. Nilipoieleza, Bwana Foleni alisimama, akaja mpaka ubaoni, akasema, "Hii umeitoa wapi?" Nikamjibu nimeisikia mahali. Akasema wanafunzi wachache sana wanafikiria watu wa kweli wanavyofanya, wengi wanafikiria mashine tu. Dada, sijawahi kusifiwa hivyo mbele ya darasa. Mrefu alinipiga kofi la mgongoni nikakohoa.

Siku moja nitakueleza yote kwa kirefu. Barua hii ni fupi kwa sababu wiki hii tunawasilisha toleo la majaribio.

Kuwa salama. Kula.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Habari za nyumbani nitauliza barua nyingine.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wa mitambo wakapita kompyuta moja moja wakiingiza kitu. Hawakusema ni nini. Tangu siku ile Kamera hazunguki tena. Amekaa. Ana skrini yenye mistari arobaini, kila mstari mtu. Mtu akiwa kazini mstari kijani. Asipogusa kitu kwa dakika mbili unakuwa mwekundu, na wekundu unajumlishwa, na Ijumaa unasomewa wekundu wako mbele ya wote kama matokeo ya mtihani.

Unajua ninavyofanya kazi. Umekaa kitandani kwangu ukaniona. Nasikiliza kwanza. Sasa kila ninapoweka mikono mapajani, mimi siko. Mashine inasema kiti hiki hakina mtu. Kwa hiyo nasikiliza huku nasogeza kipanya huku na huko kama mtu anafuta meza, na maneno yananipita, narudisha nyuma, yananipita tena. Rekodi zangu zinarudishwa. Miaka yangu yote pale sijawahi kurudishiwa rekodi.

Lakini hayo si ya leo. Leo ni Mama Pacha.

Jumatatu alikwenda chooni, saa akaiacha chini ya kipanya kama kawaida. Kamera hakuinuka kwa haraka. Alikuja polepole, akainua kipanya, akaichukua saa kwa vidole viwili kama mtu anaokota panya. Akasimama nayo katikati ya chumba mpaka mwenyewe aliporudi. Akamwambia, "Mashine imetuambia kitu kizuri sana. Imetuambia mshale wako unatikisika pale pale, kwa mwendo ule ule, wala hauendi kokote. Inasema hiyo ni saa." Mama Pacha alikuwa ameshika kichupa chake cha maziwa ndani ya kanga. Alipewa barua ya kufukuzwa kabla ya chakula. Aliondoka bila saa, ikabidi nimkimbilie nayo mpaka barabarani, na nilipomfikia aliongea, akaongea, nami nikawa natazama tu mdomo wake.

Mdogo wangu. Mashine haiwezi kujua neno saa. Mtu ameiambia. Ofisini tulijua sisi tuliomzunguka, watu watano, na wote tungeweza kufukuzwa naye. Nje ya ofisi niliandikia mtu mmoja tu.

Nilikuuliza umechagua mradi upi, hukunijibu. Nauliza mara ya pili, na sasa nataka jibu la mstari mmoja.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Wa nne.

Umetaka mstari mmoja, na huo ndio. Mengine nayaandika kwa sababu siwezi kukaa nayo.

Sikujua mteja ni kampuni yenu. Ukisoma sentensi hiyo haraka itaonekana kama utetezi, kwa hiyo isome polepole: sikujua kwa sababu sikuuliza. Makundi mengine yaliuliza mteja ni nani. Mimi nilinyamaza. Mahitaji yaliyoandikwa yalisema wafanyakazi ni wachapaji wa rekodi, wapo arobaini, wanatumia kanyagio la mguu. Niliyasoma nikayakunja.

Saa ni mimi. Nilipoona makundi yote yameshindwa kutofautisha mtu anayesogeza kipanya na kitu kinachokisogeza, nilikumbuka barua yako. Nilivua saa yangu, nikaiweka chini ya kipanya, nikakaa natazama namba zinazotoka. Zilikuwa nzuri, Dada. Zilijirudia kwa mpangilio mzuri ajabu. Nilifurahi kama mtu aliyepata hesabu. Nikaandika sharti, na kwenye maelezo ya pembeni, yale tunayowaandikia watakaosoma programu, nikaandika neno hilo hilo: saa. Programu inamwonyesha msimamizi maelezo hayo, na ndilo neno Kamera alilolisoma.

Na dakika mbili ni mimi. Mrefu alitaka tano. Nikamwambia hakuna anayefanya kazi ya kuchapa akakaa dakika tano bila kugusa kitu. Nilikuwa nakujua, nimekuona kwa macho yangu, na niliposema vile nilikuona tena, mabega yametulia, na nikajiambia hawa ni watu wengine. Nilisahau pia kuunganisha kanyagio. Programu inahesabu kibodi na kipanya. Mguu haiujui kabisa. Ningeongeza mistari kumi tu, na wewe unayesikiliza ungeonekana upo.

Nitakwenda kwa Bwana Foleni kesho asubuhi aisimamishe.

Mdogo wako


18 Agosti

Dada,

Sijapata jibu. Najua posta inachelewa, na najua pia kwamba si posta.

Nilikwenda. Nilimweleza Bwana Foleni yote, na juu ya kanyagio. Akaandika kwenye kikaratasi: "toleo la pili, ongeza kanyagio." Nikamwambia sitaki toleo la pili, nataka itolewe. Akacheka kwa upole, sio mtu mbaya, akasema, "Binti, umetengeneza kitu kinachofanya kazi. Hayo mengine ni ya utawala wao." Majaribio yanakwisha muhula unapokwisha. Baada ya hapo mteja hawezi kuendelea nayo mpaka mimi na Mrefu tutie saini ya kumpa haki. Tukimpa saini, anatupa ajira.

Mama anauliza kwa nini hujatuma hata salamu. Nimemwambia kazi imekubana. Sijui kama nimesema uongo.

Niandikie hata kunitukana.

Mdogo wako


5 Septemba

Mdogo wangu,

Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza mkono ulikuwa unaandika mambo ambayo mtu hawezi kuyarudisha. Sasa umepoa.

Wamenitoa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wekundu wangu ulikuwa mrefu kuliko wa wote, Kamera aliusoma na hakuweza kunitazama, maana ananijua. Alisema, "Mama, tatizo ni nini? Zamani ulikuwa wa kwanza." Tulikuwa tumesimamishwa katikati ya chumba, naye aliniuliza akiwa upande wangu wa kushoto, na sikumsikia, mtu wa jirani ndiye aliyenigusa mkono anionyeshe kwamba ninaulizwa.

Haya, sasa umejua. Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka jana. Daktari anasema ni hedifoni, miaka mingi, sauti juu. La kulia nalo linafuata njia. Ndiyo maana nilihamia ukutani, ili watu wote wawe kulia kwangu. Ndiyo maana sitaki simu. Hukudanganya peke yako, nami nimewadanganya wewe na Mama, tuko sawa hapo. Na ndiyo maana ninasikiliza mpaka mwisho mara mbili, mara tatu, mikono mapajani, maana nikigusa herufi zile kelele ndogo za kibodi zinanifunikia kilichobaki. Zamani nilifanya hivyo kwa kupenda. Siku hizi nilifanya kwa kuwa hakuna njia nyingine. Hilo programu yako isingelijua hata ungeongeza mistari mia.

Usiniulize kama nimekusamehe. Mama Pacha nilikwenda kumtafuta nimwambie aliyeiambia mashine ni mdogo wangu. Wamehama.

Sasa nisikilize vizuri. Tia saini. Najua ulivyo, umekaa mahali unajitafuna na unafikiri kukataa kutakusafisha. Hakutakusafisha. Kazi yangu haipo tena, kodi ya Mama inataka kulipwa, na wewe una ajira mezani inakungoja. Kama mashine imekula kiti changu, basi angalau mshahara ubaki kwenye nyumba hii. Wengine wanatafuta nafasi hiyo miaka. Usilete usomi wako hapa. Tia saini, uingie kazini, umlishe Mama.

Mimi nitaona. Kanyagio ni langu, nililinunua mwenyewe, nimeondoka nalo. Liko chini ya kitanda.

Dada yako


24 Septemba

Dada yangu,

Mama hajambo, magoti yamepata nafuu kidogo. Nimemweleza juu ya sikio lako, nisamehe, nimechoka kubeba. Alizima redio. Halafu akasema, "Darasani kwangu asiyesikia nilimkalisha mbele. Huyu nilimwacha akae nyuma ya dunia." Kisha akanituma nikanunue karatasi, anataka kukuandikia mwenyewe. Barua yake nimeiweka ndani ya hii. Mwandiko ni ule ule wa ubaoni.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umesema kweli karibu yote. Kukataa hakunisafishi. Nilichofanya sikukifanya kwa ajili ya usafi.

Sikutia saini.

Tuliitwa ofisini kwa Bwana Foleni, mimi, Mrefu na bwana wa ile kampuni, amevaa tai, mpole, ana peremende mfukoni. Mrefu alisaini kwanza, akanisogezea kalamu. Niliweka mikono mapajani. Bwana yule akadhani nataka kusoma mkataba, akasubiri. Wote wakasubiri. Muda ukapita, na nilikuwa nafikiri: sasa hivi, kwa kipimo changu mwenyewe, mimi siko kwenye kiti hiki. Mrefu akaninong'oneza, "Wewe, kalamu hiyo." Nikasema, "Nimewasikia. Sisaini." Bwana Foleni akaniambia bila kukabidhi sina alama za mradi, na bila mradi somo nimeanguka, na somo hilo likianguka mwaka unarudiwa. Nikasema najua. Kwenye ngazi Mrefu hakunitukana, ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mama yangu nilishamwambia." Akashuka. Kwake pia nimefanya kitu, na hilo nalo nitakaa nalo.

Kampuni watapata wengine wa kuwaandikia, labda kabla barua hii haijakufikia. Hilo pia najua. Lakini hiyo itakayofuata haitatoka kwenye barua zako.

Juu ya Mama na kodi: chumba cha chuo nimekirudisha, nimeahirisha mwaka, nimehamia nyumbani, nalala sebuleni. Jumatatu nimeanza kazi. Ni ofisi ya wakili, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, wachapaji ni wawili tu, mimi na bibi mmoja anayeniita "wewe wa chuo" na kuniagiza chai. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwako. Kwa kodi unatosha, na kinachobaki ni cha daktari wa hilo sikio la kulia. Usibishane, mshahara wa kwanza nimeuomba mapema, nimeshalipa mwenye nyumba na hela hazirudi. Njoo nyumbani. Kiti chako nimekiweka ukutani, ili tukikaa mezani sote tuwe kulia kwako.

Mwakani nikirudi chuoni nitaomba mradi wa tatu. Nimeshamwandikia Bwana Foleni, barua iko mlangoni kwake.

Rekodi ya kwanza waliyonipa ni ya mjane, anaeleza jinsi alivyotolewa kwenye nyumba yake. Anaongea polepole, anasimama, analia kidogo, anaomba radhi, anaendelea. Kanyagio lao ni jipya, limefungwa mpira chini, halina sauti. Nilikanyaga, nikaweka mikono mapajani, nikamsikiliza mpaka mwisho. Skrini ilizimika yenyewe, nikawa nauona uso wangu. Bibi aligeuka akanitazama, akaendelea na yake.

Hakuna aliyehesabu. Bado.

Mdogo wako